Mkono uliozoea na jicho la mwenyewe: kujitambua kunasaidia lini, na kunaharibu lini

Siku za mbalamwezi, mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma hupoa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukishajaa taa haina kazi, kwa kuwa maji yote yamepata mwanga na dagaa hawana sababu ya kukusanyika chini ya boti ya mtu. Basi kila mwezi kwa siku kadhaa boti hupumzishwa, na wavuvi hukaa mchangani kushona nyavu. Katika siku moja ya namna hiyo niliketi kando ya mzee aliyekuwa akiziba matundu ya wavu wake. Macho yake yalikuwa ziwani, yakifuata boti ya abiria iliyokuwa inaondoka, huku vidole vikifunga fundo baada ya fundo bila kungoja ruhusa ya macho. Nilimwuliza, kwa nia njema kabisa, kwamba uzi anaubana kwa kidole kipi kabla ya kulikaza fundo. Alisita. Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, akafunga fundo, likateleza, akalirudia, likateleza tena, ndipo akacheka na kuniambia, "Mwanangu, umeniharibia mkono." Akageukia tena ziwa, akaniuliza habari za nyumbani, na tulipokuwa katikati ya maongezi vidole vikarudia kazi yake kama vile hakuna kilichotokea.

Tukio hilo dogo linapingana na jambo tunaloambiwa kila siku. Katika semina za vijana, katika hotuba za mahafali, hata vijiweni, neno kujitambua limekuwa sifa inayozidi sifa zote: kijana anayejitambua, binti anayejitambua, mfanyakazi anayejitambua. Kama kujitambua ni jambo jema kiasi hicho, mbona mzee yule alipoanza tu kukitambua kidole chake kazi ilimponyoka? Kwa maoni yangu tatizo ni kwamba neno moja limebebeshwa mizigo miwili. Upo ujuzi ambao mtu anao kuhusu nafsi yake, yaani anaweza nini, hawezi nini, hukosea wapi na huogopa nini. Huo nitauita kujijua. Upo pia utazamaji, yaani kuyaelekeza macho ya akili kwenye mwili au nafsi wakati uleule inapofanya kazi. Huo nitauita kujitazama. Sidai kwamba kamusi zinatenganisha maneno haya kwa namna hiyo. Nayatenganisha kwa sababu bila kufanya hivyo matokeo ya watafiti wa saikolojia yataonekana yanagombana, wakati ukweli ni kwamba yanazungumzia mambo mawili yasiyofanya kazi saa moja.

Tuanze na jinsi mkono unavyojifunza. Katika kitabu chao cha mwaka 1967, Paul Fitts na Michael Posner wa Marekani waliieleza safari ya ujuzi kwa hatua tatu ambazo walimu wa michezo na ufundi wanazitumia hadi leo. Mwanzoni mtu hufanya kazi kwa kichwa: mjukuu wa mzee yule, akipewa sindano ya kushonea nyavu kwa mara ya kwanza, hujisemea moyoni pitisha hapa, zungusha, bana, vuta, na asipojisemea hukosea. Hatua ya pili ni ya kurekebisha, ambapo makosa hupungua na maneno ya ndani hufifia. Katika hatua ya tatu kazi hujiendesha, akili ikawa huru kuzungumza habari za bei ya mafuta ya taa au za mpira. Yeyote aliyejifunza kuendesha pikipiki anaijua safari hii kwa mwili wake, hata kama hajawahi kuisoma popote.

Jambo ambalo si wengi wanalijua ni kwamba ujuzi uliofika hatua hiyo ya tatu hautunzwi mahali pamoja na maarifa tunayoweza kuyasimulia. Ushahidi mashuhuri unatokana na Mmarekani Henry Molaison, ambaye mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kutibu kifafa, na akaondolewa sehemu za ndani, pande zote mbili, ambazo baadaye ilibainika kuwa ndizo zinazojenga kumbukumbu mpya. Tangu hapo hakuweza kukumbuka aliongea na nani asubuhi. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora mstari kuizunguka nyota akiutazama mkono wake kwenye kioo, kazi inayomchanganya mtu yeyote mwanzoni kwa kuwa kioo hugeuza mwelekeo. Siku hadi siku Molaison aliifanya vizuri zaidi, ilhali kila siku aliamini kuwa ndiyo mara yake ya kwanza kuiona. Mkono ulikuwa umejifunza na mwenyewe hakuwa na habari. Kwa hiyo mzee wa Kibirizi hakunificha siri ya ufundi wake. Jibu la swali langu halikuwamo mahali alipokwenda kulitafuta.

Mwaka 2002 Sian Beilock, Thomas Carr na wenzao walilipeleka suala hili kwenye mpira wa miguu, na kwa mkoa uliolea wanasoka wengi kama huu wetu, utafiti wao unaeleweka haraka. Waliwataka watu wakokote mpira kupita kati ya koni zilizopangwa mstari, wengine wakiwa wachezaji wazoefu na wengine wageni wa mchezo. Katika raundi moja mkokotaji alisikiliza maneno yakisomwa na kulirudia neno fulani kila lilipotajwa, kazi iliyokusudiwa kuichukua akili yake mbali na mguu. Katika raundi nyingine, kila ilipolia ishara ya sauti, alitakiwa kusema ni upande gani wa mguu umegusa mpira, wa ndani au wa nje. Wageni wa mchezo walifanya vizuri zaidi walipoutazama mguu wao kuliko walipopotezewa mawazo, jambo ambalo mwalimu yeyote angelitarajia. Wazoefu walikuwa kinyume chake: kusikiliza maneno hakukuwadhuru, lakini kuulizwa habari za mguu kuliwapunguza kasi.

Sehemu ya utafiti huo ninayoipenda kuliko zote ni ya mguu wa kushoto. Watafiti waliwataka wachezaji walewale wazoefu wakokote mpira kwa mguu wasioutegemea, na hapo mabingwa wakageuka kuwa wanafunzi: kuutazama mguu kukawasaidia, sawasawa na wageni wa mchezo. Ina maana kwamba hakuna mtu ambaye ni fundi mwili mzima. Ufundi unakaa katika kazi hii na si ile, mara nyingine katika mguu huu na si ule. Swali la kama kujitazama kunafaa halijibiwi kwa kumtazama mtu ni nani. Linajibiwa kwa kuangalia kazi aliyoishika muda huo imeshazoeleka kiasi gani.

Kwa nini kujitazama kuivuruge kazi iliyozoeleka? Maelezo ya kina Beilock ni kwamba ujuzi uliokomaa umefungwa kama mzigo mmoja, na jicho la mwenyewe likiuingilia huufungua, kila kipande kikarudi kusimama peke yake na kila kiungo kikawa nafasi mpya ya kukosea. Waliosoma madrasa, na hapa Ujiji ni wengi, wana mfano wa karibu zaidi kuliko koni za uwanjani. Mtoto aliyehifadhi sura husoma kwa mtiririko kutoka mwanzo hadi mwisho bila kigugumizi, lakini ustadhi akimkatiza na kumtaka aendelee kutoka katikati ya aya fulani, hukwama, hurudi nyuma aya mbili tatu, kisha ulimi hushika njia yake. Hajasahau kitu. Alichohifadhi ni mnyororo, naye ameombwa pete moja.

Ndipo tunapofika kwenye presha, jambo linalowasumbua wachezaji, wasomaji wa Kurani kwenye mashindano na maharusi wanaotakiwa kutamka maneno mbele ya ukumbi. Nilikuwa kidato cha tatu nilipokosa penalti ambayo ingeipa shule yetu kombe la mashindano ya kirafiki. Mazoezini nilikuwa nafunga penalti nikiwa nacheka. Siku ile, nikisogea kwenye mpira, niliona goti langu, nikajiuliza kama limekunjwa vya kutosha, nikasikia sauti ya mwalimu kutoka pembeni ikisema kaza kifundo, nikakaza kifundo, na mpira ukapita juu ya mwamba kwa kimo cha mtu mzima. Kwa miaka mingi niliamini kuwa niliogopa. Niliogopa kweli, lakini Roy Baumeister alishaandika mwaka 1984 kwamba hofu ya kushindwa hupitia mlango maalumu: kadiri jambo linavyokuwa muhimu, ndivyo mtu anavyoanza kuukagua mwili wake ili asikosee, na ukaguzi huo ndio unaomkosesha.

Rich Masters aliongeza jambo lenye maana kubwa kwa walimu. Mwaka 1992 alifundisha makundi ya watu kugonga mpira wa gofu kuelekea shimoni, kundi moja likipewa maelekezo mengi ya namna ya kusimama na kushika fimbo, na jingine likijifunza bila maelekezo huku likitamka herufi ovyo ovyo ili akili isipate nafasi ya kujitungia kanuni. Walipowekwa chini ya presha, waliojifunza kwa maelekezo mengi ndio walioyumba. Waliojifunza kimyakimya hawakuwa na maneno ya kurudia kichwani, na kisichokuwapo hakiwezi kuingilia kazi. Gabriele Wulf naye, katika utafiti wa mwaka 1998 uliotumia mashine ya kuigiza mtelezo wa theluji, aliona kwamba waliojifunza wakiambiwa waelekeze nguvu kwenye magurudumu ya mashine waliwazidi walioambiwa waielekeze kwenye miguu yao, ingawa gurudumu na mguu vilikuwa karibu kugusana. Mwalimu wangu wa pembeni, Mungu amrehemu, angefaidika kuniambia nitazame kona ya wavu.

Isidhaniwe kwamba kila kuyumba kunatokana na kujitazama. Katika mtihani wa hisabati hali ni nyingine: pale hesabu hufanyika katika sehemu ndogo ya akili inayoshika mambo kwa muda mfupi, na wasiwasi huingia na kukalia nafasi hiyohiyo, kama abiria asiye na tiketi aliyekalia kiti chako. Beilock na Carr walionyesha mwaka 2005 kwamba wanaoumia zaidi hapo ni wale wenye nafasi kubwa ya akili, maana wao ndio huitegemea. Dawa ya penalti si dawa ya mtihani.

Hadi hapa msomaji anaweza kufikiri kwamba ninaupigia debe ujinga wa heri, kwamba fundi afanye kazi yake na asijiulize chochote. La hasha. Mkono unaojiendesha una gharama yake, nayo ni kwamba hauongezeki. Dereva wa miaka ishirini si lazima awe bora kuliko wa miaka mitano. Mara nyingi ni wa miaka mitano aliyeirudia mara nne. Anders Ericsson na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1993 kuhusu wanafunzi wa fidla katika chuo kimoja cha muziki mjini Berlin, waliona kwamba walio bora zaidi walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao wastani wa saa 7,410 kufikia umri wa miaka 18, walio wazuri saa 5,301, na waliokuwa wakielekea kuwa walimu saa 3,420. Watu waliodaka namba wakazifanya kanuni, kwamba ukitimiza saa 10,000 umekuwa bingwa, waliacha kilicho muhimu. Ericsson alikuwa anazungumzia mazoezi ya aina maalumu, ambamo mtu huchukua kipande kinachomshinda, hukifungua, hukitazama, hukirekebisha, kisha hukirudisha mahali pake. Kwa maneno mengine ni kuurudisha mguu wa kulia kwa makusudi kwenye hali ya mguu wa kushoto. Hapo kujitazama, kulekule kulikoharibu penalti yangu, ndiko chombo cha kazi. Tofauti ni kwamba hakuna kombe mezani.

Ili ujue ni kipande gani cha kufungua ni lazima kwanza ujijue, na hili ni gumu kuliko semina zinavyotuahidi. David Dunning na Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapima wanafunzi mwaka 1999 katika mantiki, sarufi na utambuzi wa vichekesho, kisha wakawataka wakisie nafasi zao. Walioshika mkia walikuwa wamewazidi watu 12 tu katika kila 100, lakini walikisia kuwa wamewazidi 62. Wapo wanatakwimu wanaosema sehemu ya pengo hilo ni mchezo wa hesabu wenyewe, kwa kuwa aliye chini kabisa hana pa kukosea ila kwenda juu, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo, jaribio la mwisho la utafiti huo halisimuliwi mara kwa mara ingawa linastahili: walioshindwa mantiki walipofundishwa mantiki kidogo, walianza kuyaona makosa yao ya nyuma na kujikadiria kwa haki zaidi. Asiyejua kushona haoni fundo legevu. Kujijua katika kazi kunakuja pamoja na kuijua kazi, hakuitangulii.

Aidha kuna sehemu za nafsi ambazo mwenyewe hazioni hata akijitahidi. Waswahili walishasema kinyozi hajinyoi, na mwaka 2010 Simine Vazire aliupima ukweli wa aina hiyo kwa kulinganisha mtu anavyojieleza na wanavyomweleza rafiki zake pamoja na watu wasiomfahamu. Katika mambo ya ndani kama wasiwasi, mwenyewe alijua zaidi, kwa sababu wasiwasi hauonekani usoni siku zote. Katika mambo yanayogusa heshima, kama akili na ubunifu, rafiki walimjua kuliko alivyojijua, maana hapo kila mtu ana sababu ya kujipendelea au kujidharau. Ningependa matokeo haya yabandikwe kwenye kila ukumbi wa semina: kujitambua kunakofanywa na mtu peke yake chumbani, bila mwenzake wa kumwambia ukweli, kunakamilisha nusu tu ya kazi.

Kwa upande wa maisha kwa jumla, nje ya mpira na nyavu, hesabu inafanana na hiyo lakini hatari zake ni kubwa zaidi. Shelley Duval na Robert Wicklund walieleza mwaka 1972 kwamba mtu akigeuza macho ndani hujikuta akijilinganisha na kile anachoamini angepaswa kuwa. Ulinganisho huo huweza kumnyoosha. Katika jaribio la Edward Diener na Mark Wallbom la mwaka 1976, wanafunzi waliambiwa waache kuandika mtihani kengele ikilia, kisha wakaachwa bila msimamizi. Asilimia 71 waliendelea kuandika, lakini wale waliokaa mbele ya kioo huku wakisikia sauti yao wenyewe kwenye kinasasauti ni asilimia 7 tu walioiba muda. Hata hivyo kioo hichohicho, mbele ya mtu anayeona pengo lake haliwezi kuzibika, humfanya atafute pa kukimbilia, na wengi hukimbilia chupa au usingizi.

Mwaka 1999 Paul Trapnell na Jennifer Campbell walikitegua kitendawili kilichokuwa kimewasumbua wenzao, kwamba wanaojichunguza sana hujijua vizuri zaidi na papo hapo huwa na huzuni nyingi. Walionyesha kwamba humo mna tabia mbili. Moja ni ya kujichunguza kwa udadisi, kama mtu anayesoma barua kutoka mbali. Nyingine ni ya kucheua, kurudia rudia kosa lilelile kama ng'ombe aliyelala kivulini, bila chakula kipya kuingia. Mwenye kucheua anaamini anajitambua, na wanaomzunguka humsifia kwa kuwa mtu wa tafakuri. Dalili ya kumtofautisha ni rahisi: baada ya mwezi, hana jambo jipya alilolijua kuhusu nafsi yake. Miaka niliyoitumia kulitafuna goti langu la penalti ilikuwa ya aina hiyo, nami sikupiga hata mpira mmoja wa mazoezi kutokana nayo.

Nilirudi Kibirizi siku ya pili yake, safari hii bila swali. Mzee alikuwa amemwambia mjukuu wake aunyanyue wavu juu ya kichwa ili mbingu zionekane kupitia matundu yake, naye akawa anasogea taratibu kwa kuwa macho ya karibu yamempungua. "Hapa, babu," kijana alisema, "na hapa, na hapa." Mafundo matatu yalikuwa yameanza kulegea, yote upande mmoja. Mzee aliyabana kati ya kidole gumba na cha shahada, akakaa kimya kidogo, kisha akasema ile sehemu aliishona jioni, baada ya alasiri, mgongo ukiwa umechoka, na kwamba kuanzia sasa upande wa chini ataushona asubuhi. Akaketi, akamwomba kijana ampe sindano, akayafungua yote matatu na kuanza upya, polepole, safari hii macho yakiwa kwenye vidole. Mwezi ulikuwa umebakiza siku nne.